Mitungi ya Dubu

Ardith Goodsky hakuwa mcheza kamari, na aliyemwita hivyo alinuniwa wiki nzima. Alikuwa mvunaji. Kila Jumanne mpaka Alhamisi alipanda gari lake la mizigo, la kijivu lenye mlango mmoja mwekundu, akazunguka kasino tatu za makabila ya wenyeji asilia wa kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Humo ndani alitembea polepole kati ya safu za mashine za kamari kama mtu aliyedondosha ufunguo. Hakukaa wala hakuzichekea taa. Alichungulia kila kioo, akapita. Saa nzima iliweza kwisha hajatoa hata dola moja mfukoni.

Kazi hiyo alifundishwa na kaka yake, Leland. Mashine nyingi, Leland alisema, ni kama mlevi: ukiinuka mezani ameshakusahau. Lakini zipo chache zenye kumbukumbu. Alichojaza mchezaji mmoja hakifutiki akiondoka. Kinabaki pale pale kikimngoja anayefuata. Watu wengi hawalijui hilo. Wengine wanalijua, ila basi la kuwarudisha nyumbani linapiga honi, nao wanaacha chungu kimeiva na kuondoka na njaa yao.

"Usikae kwenye mashine mbichi," Leland alimwambia. "Kwani mpunga unaugonga ukiwa mbichi?"

Ndugu hao wawili walivuna mpunga wa ziwani tangu utotoni, Leland amesimama nyuma ya mtumbwi akiusukuma kwa mti mrefu, Ardith amekaa mbele na vijiti vyake viwili, akiyagonga masuke yamwage punje ndani. Leo unapita, unayaacha mabichi. Keshokutwa unarudi, yameiva. Na huvuni yote hata siku moja. Kwa Ardith, ziwa na kasino vilikuwa elimu ile ile, isipokuwa kasino hakuna mbu.

Leland alikufa Oktoba iliyopita, moyo ulimsimama akipasua kuni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu aliyemwaga chumvi kwenye chakula kabla hajakionja, na daktari alisema mpaka akachoka. Hakuwa na mke wala mtoto. Wa kumfanyia karamu ya mwaka alibaki dada yake tu, na karamu ya mwaka si chai na biskuti. Unalisha ukumbi mzima, unamtengea marehemu sahani yake, na kila aliyekuja kumlilia anaondoka na kitu mkononi, blanketi ikiwezekana. Mpaka ifanyike, aliyefiwa hachezi ngoma, na moyo wake umefungwa kama mlango wa msimu wa baridi. Ardith hakuwa amelia tangu mazishi. Alijiambia atalia siku hiyo, baada ya vyombo kuoshwa. Alitaka mablanketi ya sufu, mazuri, yale ambayo Leland mwenyewe angeyapapasa na kuuliza, "Lo, kafa tajiri gani?"

Na mablanketi hayo yalitoka kwa Dubu.

Dubu ilikuwa mashine kuukuu katika kasino ya Otter Narrows, pembeni kabisa, jirani na chumba cha chakula. Juu ya kioo alikaa dubu mnene mwenye uso wa haya, na chini yake mitungi mitatu ya asali, mwekundu, wa buluu na wa kijani. Ukibonyeza, mara moja moja tone la asali linadondokea mtungi mmojawapo. Likiingia tone la kumi, mtungi unapasuka na kumwagia pesa aliyekaa. Mtu akiacha mtungi mmoja wenye matone tisa, amekuachia riziki. Akiacha miwili, hajui alitendalo. Lakini mitatu yote, tisa, tisa na tisa? Leland alizunguka kasino miaka kumi na minne na hakuwahi kuyaona hayo.

Ardith aliyaona Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Juni, saa nne na robo asubuhi. Alisimama mbele ya kile kioo mkono kifuani. Aligeuka nyuma kuona kama kuna mtu anayemcheka. Hakukuwa na mtu. Ndani kulikuwa na salio la dola moja, na kwenye kidaraja cha mashine mtu alikuwa amesahau mabaki ya kifungua kinywa: kipande cha mkate wa kukaanga, nyama ya nguruwe kidogo, stroberi moja, na kahawa iliyopoa katika kikombe cha karatasi. Ardith alivikusanya vyote akavitupa kwenye pipa, akakaa, akainamisha kichwa kwenye tarakimu kama alivyofundishwa, akavuna.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa vile vile. Tisa, tisa, tisa, na mabaki ya mjinga yule yule. Na iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakumwambia mtu. Alihisi yuko mbele ya jambo kubwa, kama mtu anayekuta kila wiki mlangoni pake paa amelala, amechunwa tayari. Alhamisi moja aliondoka nyumbani bila kula, akaitazama ile stroberi, nyekundu, safi, akaitia kinywani. Alhamisi kumi na moja zilimpa mablanketi thelathini na moja, akayapanga juu ya kitanda cha Leland mpaka yakafika dirishani.

Sasa ulikuwa mwezi wa Septemba. Mahitaji ya karamu yalikuwa yametimia, na Ardith angeweza kuacha mambo yalivyo. Lakini udadisi ni ugonjwa. Alitaka kumwona huyo mjinga kwa macho yake, mara moja tu. Alhamisi ya kumi na mbili aliwahi, akafika Otter Narrows saa mbili kasoro.

Mlangoni alikutana na binamu yake, ambaye mama yake alimwita Clifford na dunia nzima ilimwita Maharage. Alikuwa pande la mtu, mlinzi wa ukumbi, aliyehamishiwa zamu ya asubuhi wiki ile ile.

"Ala! Ardith!" Maharage alisema. "Jua halijachomoza vizuri na wewe ushakuja kutumaliza? Hata kuku wanakuonea aibu."

"Nyamaza wewe. Nimekuja kunywa kahawa."

"Kahawa, eti. Kwenu birika limekufa?"

"Limekufa kwa kusikia sauti yako. Kaa hapa, nikuulize. Nani hucheza ile Dubu ya pembeni Alhamisi asubuhi?"

Maharage hakujibu upesi, kwa sababu basi la wazee lilikuwa limeingia, na ilimbidi akawashike mikono wakiteremka. Alhamisi ilikuwa siku yao: kila mzee alipewa kifungua kinywa cha bure na kuponi ya kuchezea. Walipita wakibishana na kunukia marashi. Wa mwisho alikuwa mzee mrefu aliyenyooka, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia mkononi. Ardith alimfahamu kwa mbali. Alikuwa Emery Drift, aliyekuwa akitengeneza mitumbwi, na umri wake ulikuwa miaka themanini na minne.

Emery hakwenda kula. Alikwenda moja kwa moja kwa Dubu, akaketi, akaiweka kofia gotini.

Ardith alijibanza nyuma ya mashine nyingine akatazama. Mwanzoni alitaka kucheka. Mzee alibonyeza kwa dau dogo kuliko yote, akangoja, akabonyeza. Tone jekundu. Kimya kirefu. Tone la kijani. Mtungi mwekundu ulipofika tisa, mingine ilikuwa bado chini, na mara tone la kumi likaingia pasipo kuitwa. Mtungi ukapasuka, ukamwaga visenti vyake. Mtu mwingine angepiga makofi. Emery alishusha pumzi kama fundi aliyepasua ubao, akaanza upya kutoka sifuri.

Hapo ndipo Ardith alipoacha kutabasamu. Kujaza mtungi mmoja ni subira tu. Kuijaza mitatu pamoja, usipasuke hata mmoja, ni kama kuchemsha maziwa katika sufuria tatu na kuziepua zote dakika ile ile, na moto si wako. Mzee hakuwa na hila yoyote, kwa kuwa matone hudondoka yatakapo. Alikuwa na ukaidi tu. Kila mtungi uliomtangulia aliuanza tena. Kuponi ilipokwisha alitoa noti zake mwenyewe, akazinyoosha kwenye paja, akaziingiza. Saa moja ikapita, na nusu. Ardith, aliyejiona mjuzi kuliko wote kutoka pale hadi mpaka wa Kanada, alisimama pale kahawa ikimpolea mkononi, na alijiona mdogo.

Tisa. Tisa. Tisa.

Mzee aliondoa kidole upesi, kana kwamba kitufe kimegeuka moto. Aliinuka, akaingia chumba cha chakula, akatoka na leso ya karatasi na kikombe. Alipanga kwenye kile kidaraja kipande cha mkate, nyama kidogo, stroberi moja. Aliikoroga kahawa, akaiweka upande wa kulia, pale anapoifikia mwenye kukaa. Midomo yake ilicheza kidogo. Kisha akavaa kofia, akageuka, akaondoka bila kutazama nyuma.

Ardith alisogea hadi kwenye kile kidaraja. Maisha yake yote alikuwa ameziona sahani hizo. Alimtengea mama yake, alimtengea baba yake, na kwa wiki nzima alikuwa akiwaza atamtengea Leland nini. Chakula kidogo cha kila alichokipenda marehemu, kahawa yake kama alivyoinywa, na unaondoka bila kugeuka. Angeitambua sahani ya marehemu ukumbini, msituni, kando ya kaburi. Kwenye kidaraja cha mashine ya kamari aliiona takataka, akaitupa mara kumi na moja. Na stroberi akaila.

"Ya nani?" alimuuliza Maharage, aliyekuwa amemjia ubavuni.

"Ile? Ya Lavonne, mkewe. Wewe hujui? Wote kule nyumba ya wazee wanajua, mama yangu haachi kuisimulia." Maharage alivua kofia yake ya kazi bila kujijua. "Lavonne alikuwa wa ukoo wa Dubu, basi akaipenda mashine hiyo kufa. Alikuwa akisema, Emery, iko siku nitaikuta imejaa yote mitatu. Kila ikikaribia, basi linapiga honi. Miaka tisa! Kafa mwaka juzi hajaiona. Sasa mzee anamjazia, ili akija aikute."

"Akija."

"Ndiyo. Na anakuja, dada. Usinicheke. Tangu Juni, kila Alhamisi mzee akirudi anakuta mitungi mitupu na sahani haipo. Mama anasema siku ya kwanza alilia kama mtoto, akawaambia wote, Lavonne kaikuta. Amenenepa hata. Ameanza kunyoa ndevu." Maharage alimtazama. "Mbona umekuwa hivyo? Ardith? Ardith, usiniambie."

Ardith alikuwa akiitazama ile stroberi.

"Mama yangu wee," Maharage alisema polepole.

Ardith aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokipata. Akiicheza Dubu leo, anakula tena kinywani mwa maiti. Asipoicheza, Alhamisi ijayo mzee ataikuta imejaa, mkate umekauka, na atajua kwamba Lavonne hakuja. Na yale mablanketi juu ya kitanda! Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Atasimamaje ukumbini, amuage kaka yake kwa kitu alichomnyang'anya marehemu mwingine? Ni sahani gani atakayomtengea Leland, na nani atakayeila? Hakuona njia isipokuwa moja, na hiyo ilimtisha kuliko zote.

"Keti kwenye kile kiti," alimwambia Maharage. "Asiiguse mtu."

"Nikae mimi? Kazini?"

"Mungu alikupa hilo tako kwa sababu, binamu. Kaa."

Alikimbia garini, akatoa mfuko wa tumbaku chini ya kiti. Emery alikuwa kwenye benchi nje, juani, akingoja basi liwashwe. Ardith alisimama mbele yake akamnyooshea tumbaku kwa mikono miwili. Mzee aliutazama mfuko, akamtazama usoni, muda mrefu. Kisha akaupokea. Maana yake: sema, nitakusikiliza.

"Babu Emery," Ardith alisema, "si Lavonne. Ni mimi. Mimi ndiye ninayeicheza. Sikujua, lakini ni mimi, tangu Juni. Nimemlia Lavonne sahani yake mara kumi na moja. Nimenunulia mablanketi ya karamu ya Leland. Nitakurudishia yote, nitafanya utakaloniambia. Nisamehe."

Mzee aliufungua mfuko, akanusa, akaufunga.

"Tumbaku nzuri," alisema. "Sasa keti, unanikingia jua."

Ardith akaketi.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mwezi wa kwanza sikujua. Mwezi wa kwanza nilidhani ni yeye, na nikawatangazia watu, mdomo wangu mpana. Halafu siku moja nikasahau kofia. Nikarudi ndani, nami sikutakiwa kurudi, hayo ni makosa yangu. Nikakuona. Umeinama pale kama mwizi wa mayai."

"Na hukusema neno?"

"Nilikasirika wiki nzima. Nilitaka nikutoboe magurudumu yote manne. Hata kisu nilikinoa." Alicheka kidogo, kifua kikakoroma. "Wiki ya pili nikajiuliza swali. Mkeo unampikia, unamtengea. Chakula kile nani hukila siku zote? Ndege. Mbwa wa jirani. Na kwenye karamu tunafanyaje? Si tunamtafuta mtu, tunamketisha, tunamwambia ale kwa niaba yake? Mimi sikumwita mtu. Nikasema, basi Lavonne kajitafutia mwenyewe. Na ndivyo alivyokuwa. Hata siku ya arusi yetu aliwaalika watu wawili aliokutana nao kituo cha mafuta."

Ardith alitaka kucheka, akashindwa, akakaa tu akimtazama yule mzee mwenye shati la pasi. Hakuwa amewahi kuona moyo mpana kiasi hicho, na aliuogopa kidogo.

"Ila mkate wake ulikuwa unautupa," Emery alisema. "Hilo halikunipendeza. Na kahawa. Sukari mbili nilikuwa naitia."

"Sitarudia."

"Vizuri. Sasa na wewe nilipe. Nataka kitu kimoja." Mzee aligeuka amwelekee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mimi sijawahi kuiona. Siruhusiwi kutazama, na yeye hakuwahi. Ikipasuka yote mitatu inakuwaje?"

Ardith alifungua kinywa. Alitafuta. Mara kumi na moja! Alikumbuka tarakimu. Alikumbuka jumla ya kila Alhamisi mpaka senti. Alikumbuka kitufe, na mchubuko kwenye kitufe. Lakini Leland alimfundisha asizitazame taa, taa ni za wajinga, na yeye alitii. Wakati wote ule kichwa chake kilikuwa kimeinama.

"Sijui," alisema. Hapakuwa na neno lililowahi kumwaibisha vile. "Sikutazama."

Emery alitikisa kichwa kidogo. Hakukasirika.

"Basi hujala bado, binti yangu," alisema. "Ulikuwa unabeba tu. Nenda kale."

Ndani, ugomvi ulikuwa umeshaiva. Kijana mmoja wa mjini mwenye miwani ya jua ukumbini, mvunaji kama yeye, alikuwa amemsimamia Maharage. "Kaka, wewe ni mfanyakazi, huruhusiwi kucheza," alikuwa akisema, macho yake hayatoki kwenye ile tisa, tisa, tisa.

"Sichezi, napumzika. Daktari kanishauri," Maharage alisema. "Nenda kacheze kule, kuna mashine ya samaki inakuita jina." Alipomwona Ardith aliinuka. "Kiti cha mama huyu. Ameitwa."

Ardith alikaa. Alinyoosha mkono akauchukua mkate, akala, akatafuna mpaka mwisho. Akala nyama. Akanywa kahawa, imepoa, sukari mbili, tamu kupita kiasi, tamu ya mwanamke ambaye hakuogopa kitu. Stroberi aliiacha ya mwisho, akaila pia, safari hii akijua anaila kwa ajili ya nani. Kisha akainua uso, akamtazama dubu machoni, akabonyeza.

Matone matatu yaliachia pamoja. Kwanza palikuwa na kimya, kiasi cha pumzi moja, hata mashine za jirani zilionekana kunyamaza. Dubu akasimama kwa miguu miwili. Ardith hakujua kama anaweza kusimama. Akaikumbatia mitungi yote mitatu kifuani, ikapasuka, na asali ikashuka kioo kizima, nzito, ya dhahabu, polepole kama jua linavyoshuka juu ya ziwa lenye mpunga. Ikateremka mpaka ikazijaza picha zote, na kwenye ile dhahabu, kama kwenye maji, Ardith aliuona uso wake mwenyewe, kinywa wazi, umelowa mwanga. Nyuma ya bega lake palikuwa na Maharage, na nyuma ya Maharage wapishi wawili waliotoka jikoni, na yule kijana wa mjini aliyekuwa ameivua miwani yake. Ardith aliogopa na kufurahi kwa pamoja, kama alivyokuwa mtoto siku ya kwanza Leland alipousukuma mtumbwi katikati ya mpunga na mabua yakawafunika juu pande zote.

Tarakimu zilikuwa zikizunguka. Hakuzisoma.

Basi lilipiga honi. Ardith alitoka mbio, akalikuta limeshafunga mlango, akagonga dirisha la Emery kwa kiganja. Mzee alilishusha. Ardith akamweleza yote, maneno yakikanyagana, dubu alivyosimama, alivyoikumbatia, asali, ule ukimya wa kwanza. Dereva alitaka kuondoka, na mabibi wa viti vya mbele wakamwambia akithubutu watamshusha. Emery alisikiliza macho yamefumba.

"Alisimama?" aliuliza.

"Alisimama, babu. Kwa miguu miwili."

"Hee." Machozi yalimtoka bila haraka, naye hakuyafuta. "Lavonne alisema atasimama. Mimi nilimbishia."

Kisha akafungua macho. "Hayo mablanketi. Lipo la buluu?"

"Yapo mawili."

"Niwekee moja. Nitakuja kulichukua mwenyewe."

Alikuja. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ukumbi ulijaa mpaka watu wakala wamesimama, na Ardith aliitenga sahani ya Leland kwa mkono wake: wali wa mpunga wa ziwani waliouvuna pamoja mwaka jana, samaki, viazi, mkate, na juu ya kila kitu chumvi, ile chumvi ya Leland, mpaka Maharage akamshika mkono. Aliipeleka kwa Emery Drift kwa mikono miwili pamoja na tumbaku, akamwambia ale kwa niaba ya kaka yake. Hakukuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kumwomba.

Mzee alivua kofia. Hakula kwa pupa wala kwa adabu ya bure. Alikula kichwa juu, polepole, akiuonja kila mtafuno kana kwamba ataulizwa habari zake mbele ya safari. Watu wakamtazama. Alipofika kwenye viazi alisimamisha uma, akakunja uso, akamtafuta Ardith kwa macho katika ukumbi mzima.

"Binti yangu," alisema kwa sauti, "kaka yako anasema chumvi haitoshi."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Ardith akacheka nao, akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikageuka, na hapo hapo, mbele za watu, vyombo bado havijaoshwa, akaanza kulia.